Waya wa Simu ya Mezani Uliokufa Bado Unaweza Kuunganisha Kompyuta za Nyumbani

Katika sebule za baadhi ya nyumba za zamani huko Kesses bado kuna kisanduku kidogo ukutani, karibu na sakafu, ambacho watoto wa nyumba hiyo hawajui ni cha nini. Kimepakwa rangi mara mbili au tatu pamoja na ukuta. Waya unaotoka humo hupanda juu ya mlango, huingia darini na kutokea chumbani kwa wazazi. Kwingine hufika hadi kwenye chumba kilichokuwa ofisi ya shamba. Huo ni waya wa simu ya mezani. Simu yenyewe iliacha kulia miaka mingi iliyopita, lakini shaba iliyo ndani ya kuta, ikiwa haijakatwa wala kutafunwa na panya, mara nyingi ingali nzima.

Makala haya yanawaeleza wakazi jinsi waya huo unavyoweza kutumiwa kuunganisha kompyuta, printa na ruta za nyumba moja bila kubomoa ukuta. Yanaeleza pia mahali ambapo haufai kabisa, kwa sababu waya wa shaba uliofungwa vibaya katika eneo lenye radi kama Uasin Gishu unaweza kuunguza vifaa vya nyumba nzima na hata kuua mtu.

Jambo moja lieleweke mapema. Waya huu hauleti intaneti nyumbani. Kazi yake ni kuigawa kutoka chumba kimoja hadi kingine baada ya kufika. Nyumba isiyo na laini ya faiba, ruta ya 4G au antena ya setilaiti haitapata intaneti kwa kuunganisha nyaya za zamani, hata fundi akisema nini.

Simu ilivyofika na ilivyopotea

Mashirika ya pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yalipovunjika mwaka wa 1977, huduma za simu nchini ziliwekwa chini ya Shirika la Posta na Simu la Kenya. Kuwekewa simu nyumbani wakati huo kulikuwa jambo la kusubiri, na aliyeipata alijulikana kijiji kizima. Majirani walikuja kupokea habari za wagonjwa waliolazwa Eldoret au za watoto waliokuwa Nairobi. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa mwaka wa 1984, kilomita 36 hivi kutoka Eldoret, eneo la Kesses lilipata ofisi na wafanyakazi waliohitaji mawasiliano ya kila siku na mji.

Shirika hilo liligawanywa mwaka wa 1999, na upande wa simu ukawa Telkom Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi nzima ilikuwa na laini za mezani zaidi kidogo ya 300,000. Kufikia hapo Safaricom na KenCell zilikuwa zimeanza, mwaka wa 2000, kuwauzia wananchi simu za mkononi, na mtu hakuwa tena na haja ya kungoja nguzo ifike kwake. Wezi wa shaba nao walimaliza kilichobaki. Usiku mmoja nyaya za kati ya nguzo zilikatwa, zikarudishwa, zikakatwa tena, na mwishowe hazikurudishwa. Ndiyo maana nyumba nyingi zina waya mzuri ndani ya ukuta na hakuna chochote nje.

Kwa nini waya, wakati kuna Wi-Fi?

Swali hili ni la haki. Katika nyumba ya vyumba vitatu iliyojengwa kwa mbao au kwa matofali membamba, ruta moja ya Wi-Fi inatosha na hakuna haja ya kuhangaika na kitu kingine. Tatizo liko kwenye nyumba za mawe zenye kuta nene, zile ndefu zilizoongezwa vyumba kila mwana alipooa, na zile ambazo dari lake lina mabati au karatasi ya alumini. Mawimbi ya Wi-Fi hupungua nguvu kila yanapopita ukutani, na chuma huyarudisha yalikotoka.

Kuna jambo jingine ambalo wakazi wa Cheptiret, Tulwet, Chuiyat na Tarakwa wanalijua vizuri. Mara nyingi intaneti hushika mahali pamoja tu ndani ya nyumba. Ruta ya 4G inalazimika kukaa kwenye dirisha moja linaloelekea mlingoti. Antena ya setilaiti, kama ya Starlink iliyoanza kuuza huduma nchini Julai 2023, inahitaji anga wazi, kwa hiyo huwekwa upande usio na mikaratusi. Chumba anachosomea mtoto kinaweza kuwa upande wa pili kabisa wa nyumba.

Matokeo yake ni gharama. Baba ana bando lake kwenye ruta ya sebuleni, na binti anayejaza fomu ya mkopo wa HELB ananunua bando lake la simu kwa sababu Wi-Fi ya sebuleni haifiki chumbani kwake. Ada ya intaneti inalipwa mara mbili kwa nyumba moja. Fomu ikikatika katikati siku ya mwisho ya kutuma maombi, hasara ni kubwa kuliko bei ya bando.

Ikiwa nyumba inajengwa sasa, au ukuta unafunguliwa kwa sababu nyingine, waya wa simu usifikiriwe. Mwenye nyumba anunue kebo mpya ya mtandao ya Cat5e au Cat6, ambayo hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi umbali wa mita 100, aipitishe ndani ya paipu na kumaliza kazi. Waya wa simu unafaa pale ambapo tayari upo, na kuvunja ukuta ni ghali au hakuwezekani, kama ilivyo katika nyumba za kupanga na nyumba za taasisi.

Jinsi shaba moja inavyobeba mambo mengi

Sauti ya mtu kwenye simu ya mezani hutumia masafa ya chini sana, kati ya hezi 300 na 3,400. Waya wenyewe una uwezo wa kubeba masafa ya juu zaidi ya hapo mara maelfu. Ni kama hewani, ambako KBC na Kass FM zinasikika katika kijiji kimoja bila kugongana kwa sababu kila kituo kina masafa yake. Vifaa vya mtandao hutumia nafasi hiyo ya juu iliyokuwa imelala.

Wazo hili si jipya. Mwaka wa 1998 kampuni kadhaa nchini Marekani ziliunda muungano wa HomePNA ili vifaa vya kuunganisha kompyuta kwa waya wa simu vielewane. Vya kwanza vilipitisha megabiti 1 kwa sekunde, kasi iliyotosha wakati huo kwa familia kutumia printa moja. Toleo lililofuata lilifika megabiti 10, kisha 128, na baadaye 320. Kisha Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, likatoa kiwango kinachoitwa G.hn kinachofanya kazi juu ya waya wa simu, waya wa umeme na kebo ya televisheni vilevile. Mwaka wa 2013 muungano wa HomePNA ulijiunga na ule wa HomeGrid unaosimamia G.hn, na leo anayetafuta kifaa kipya aulizie G.hn. Vifaa vya HomePNA vinavyopatikana ni vya mitumba, na vingi havina tena wa kuvihudumia.

Kwanza, hakikisha waya umekufa kweli

Laini ya simu iliyo hai ina volti 48 hivi za umeme wa moja kwa moja hata simu ikiwa imetulia. Simu inapolia, umeme wa aina nyingine wa volti 75 hadi 90 hupita. Umeme huo hauui kwa kawaida, lakini unashtua kiasi cha kumwangusha mtu aliye juu ya ngazi, na unaunguza kifaa cha mtandao kilichochomekwa bila kujua. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, fundi aweke mita ya kupimia umeme kwenye nyaya mbili za kisanduku. Ikisoma volti, laini iko hai.

Laini iliyo hai na inayotumika isikatwe na mtu wa nyumbani. Aliye na simu au intaneti inayopitia waya huo amwombe mtoa huduma wake ushauri kwanza. Ikisoma sufuri, bado kazi haijaisha. Waya wa ndani unatakiwa kutenganishwa kabisa na ule unaotoka nje, pale unapoingilia nyumbani. Mara nyingi kuna kisanduku chini ya ukingo wa paa au kando ya dirisha la mbele ambapo nyaya hizo mbili hukutana. Fundi alegeze skrubu, atoe ncha za waya wa ndani, azifunike kwa utepe wa umeme na kuacha za nje zilivyo.

Hatua hii inarukwa na wengi, nayo ndiyo muhimu kuliko zote. Waya wa nje uliokufa bado ni kipande kirefu cha shaba kilichoning'inia hewani. Radi ikipiga karibu na nguzo, umeme wake unaweza kufuata shaba hiyo hadi sebuleni.

Kupima kama waya unafaa

Nyaya za simu za ndani huwa mbili au nne. Mbili zinaitwa jozi moja. Jozi iliyosokotwa, yaani waya mmoja umezungushwa kwenye mwenzake kama kamba, hubeba data vizuri zaidi kwa sababu msokoto huo hupunguza kelele za umeme kutoka nje. Waya bapa usiosokotwa, ule wa kuunganisha simu na ukuta, hautegemewi zaidi ya mita chache.

Kipimo rahisi ni hiki. Upande mmoja wa nyumba, fundi aunganishe ncha mbili za jozi moja pamoja. Upande wa pili aweke mita kwenye ohm. Shaba yenye unene wa nusu milimita, ikiwa na urefu wa mita 50 kutoka upande mmoja hadi mwingine, isome ohm 9 hivi. Kwa mita 100 isome karibu 18. Mita ikisoma 40 au 60 kwa umbali mfupi, kuna kiungo kilicholegea au shaba iliyoota ukijani mahali fulani, na mara nyingi ni ndani ya kisanduku chenyewe. Kukwangua ncha, kukata sentimita mbili na kukaza upya humaliza tatizo hilo. Mita isiposoma chochote, waya umekatika. Baadaye ncha zile zitenganishwe na kupimwa tena. Sasa mita isisome chochote. Ikisoma, nyaya zinagusana ndani ya ukuta au unyevu umeingia, na hapo ni afadhali kuachana na waya huo kuliko kupoteza pesa za vifaa.

Matawi nayo yaangaliwe. Nyumba iliyokuwa na simu tatu ina waya unaogawanyika mara tatu. Tawi lisilotumika halibaki kimya. Mawimbi ya data hufika mwisho wake, hugonga na kurudi yakiwa mwangwi unaovuruga data iliyo njiani. Kila tawi lisilohitajika lifunguliwe kwenye kisanduku kinachogawanya, hadi ibaki njia moja kutoka kwenye ruta hadi chumba kinachotakiwa.

Vifaa vya kuchagua

Kuna njia tatu, na inayofaa inategemea waya uliokutwa ukutani.

Ya kwanza haihitaji kifaa chochote cha kati. Waya ukiwa na jozi mbili zilizosokotwa, yaani nyaya nne, na umbali ni mfupi, unaweza kuvishwa plagi za mtandao za RJ45 na kubeba megabiti 100 kwa sekunde moja kwa moja kutoka kwenye ruta. Mtandao wa kasi hiyo hutumia nyaya nne tu kati ya nane za plagi. Jozi moja iwekwe kwenye nafasi ya 1 na ya 2, na jozi nyingine kwenye nafasi ya 3 na ya 6. Mafundi wengi hukosea hapa kwa kuweka jozi ya pili kwenye 3 na 4 kwa sababu zimekaa pamoja. Taa ya ruta itawaka, kisha mtandao utakatika kila dakika na lawama itaendea kampuni ya intaneti. Njia hii haina uhakika, lakini kuijaribu kunagharimu plagi mbili tu, na ikikubali hakuna haja ya kununua kitu kingine.

Ya pili ni adapta za G.hn za laini ya simu. Huuzwa kwa jozi, na zinatosheka na nyaya mbili tu. Moja hukaa karibu na ruta, nyingine chumbani. Kila moja ina tundu dogo la plagi ya simu, RJ11, na tundu la kebo ya mtandao. Mnunuzi asome boksi vizuri, kwa sababu zinazojaa madukani ni zile za waya wa umeme, zinazochomekwa kwenye soketi ya stima. Hizo nazo ni suluhisho zuri kwa nyumba isiyo na waya wa simu, mradi vyumba vyote viwili viwe kwenye mita moja ya umeme na adapta isichomekwe kwenye ekstensheni.

Ya tatu ni vifaa vya VDSL2, teknolojia ileile ambayo kampuni za simu hutumia kupeleka intaneti kwa shaba. Huuzwa viwili viwili pia. Kimoja huwekwa kuwa kiongozi na kingine kuwa mfuasi, kwa swichi ndogo iliyo pembeni, na vikiwekwa sawa vyote viwili havitasemezana. Faida yao ni kuvumilia waya mbovu na umbali mrefu. Ndani ya mita 100 vinaweza kupitisha makumi ya megabiti kwa sekunde, na kasi hupungua kadiri waya unavyorefuka. Mkutano wa video unahitaji megabiti 2 hadi 4 hivi, kwa hiyo hata waya unaopitisha megabiti 30 unatosha wanafunzi kadhaa kwa wakati mmoja. Intaneti inayoingia nyumbani ikiwa ni ya megabiti 10, hakuna faida ya kununua kifaa cha megabiti 500.

Chochote kinachonunuliwa, mnunuzi aulize kama kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, adai risiti, na akijaribu siku ileile. Akumbuke pia kwamba adapta hizi zinatumia stima. Umeme ukipotea sebuleni, chumbani nako mtandao umekwisha, labda kama ruta na adapta zote mbili zina betri ya akiba.

Ruta ya pili isiwe bosi

Mara nyingi kinachotakiwa chumbani si kompyuta moja bali Wi-Fi nyingine, ili simu na laptopu za watoto zishike. Ruta ya zamani iliyobaki kabatini inaweza kufanya kazi hiyo, lakini kuna kosa linalorudiwa kila mahali.

Kila ruta ikitoka kiwandani hujiona kuwa ndiyo mkuu wa nyumba. Ndiyo inayogawa anwani kwa kila kifaa, kazi ambayo kwenye mipangilio huitwa DHCP. Ruta mbili zikigawa anwani katika nyumba moja, laptopu huchukua anwani kwa mmoja na kutafuta njia kwa mwingine, na intaneti huja na kupotea bila sababu inayoonekana. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta ya pili, kuzima DHCP, kuipa anwani tofauti na ya ruta ya kwanza, kisha kuchomeka kebo kwenye tundu la kawaida na si lile la rangi tofauti lililoandikwa WAN. Ruta nyingi za siku hizi zina chaguo moja linalofanya yote hayo, ambalo huitwa hali ya AP.

Jina la Wi-Fi na nenosiri viwe vilevile kwenye ruta zote mbili ili simu ihame yenyewe mtu anapotembea ndani ya nyumba. Nenosiri lililobandikwa chini ya ruta libadilishwe. Kila mgeni aliyewahi kukaa sebuleni amelisoma.

Kutoka jengo moja hadi jingine: shaba isitumike

Boma la Kesses kwa kawaida si nyumba moja. Kuna nyumba kubwa, jikoni ya nje, nyumba za vijana, na pengine stoo ya mahindi au chumba cha kupozea maziwa. Kishawishi cha kurusha waya wa simu juu ya uwanja kutoka jengo hadi jengo ni kikubwa, hasa kama nguzo ya zamani bado imesimama. Wakazi wanashauriwa wasifanye hivyo.

Eneo linalozunguka Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na nyanda za juu za Uasin Gishu hazimo mbali. Kuanzia Machi hadi Septemba mvua za alasiri huja na ngurumo. Radi haihitaji kupiga waya wenyewe. Ikipiga mti ulio karibu, ardhi ya hapo hujaa umeme ghafla, na majengo mawili yenye waya wake wa ardhini kila moja huwa na tofauti kubwa ya volti kwa sekunde ndogo sana. Shaba inayoyaunganisha ndiyo njia rahisi ya umeme huo kusawazika. Hupita kwenye adapta, kwenye ruta, kwenye laptopu iliyochomekwa kebo, na kwa mtu aliyeishika.

Kwa umbali wa jengo hadi jengo kuna njia mbili salama. Moja ni kebo ya faiba, ambayo ni kioo na haipitishi umeme, pamoja na vigeuzi viwili vidogo, kimoja kila upande. Fundi achague faiba isiyo na waya wa chuma wa kuishikilia ndani yake, la sivyo hatari inarudi kwa mlango wa nyuma. Nyingine ni antena mbili ndogo za nje zinazotazamana, ambazo zinafaa ikiwa hakuna mti au paa katikati. Zote zinagharimu zaidi ya kipande cha waya wa zamani.

Hata ndani ya nyumba moja, vifaa vyote viunganishwe kupitia kizuia mshtuko wa umeme kilicho na waya wa ardhini unaofanya kazi. Kizuizi kilichochomekwa kwenye soketi isiyo na waya wa ardhini, ule mafundi huuita athi, hakilindi ipasavyo. Ngurumo zikianza kusikika, plagi za stima na za waya wa simu zichomolewe zote. Kuzima swichi ya ukutani pekee hakutoshi.

Mpaka wa mwenye nyumba

Waya ulio ndani ya kuta unaweza kutumiwa na mwenye nyumba. Nguzo, nyaya za juu na visanduku vya kando ya barabara si vyake, hata kama vimeachwa miaka ishirini na vimezingirwa na nyasi. Kuvikata ni kosa, na kuuza shaba yake ni kosa jingine. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inataka kila mfanyabiashara wa vyuma awe na leseni na aweke rekodi ya anayemuuzia. Nyaya hizohizo zinazoonekana zimekufa zinaweza kuwa zimefungwa pamoja na kebo ya faiba inayohudumia shule au zahanati. Mwenye nguzo iliyolala juu ya ua wake au waya unaoning'inia chini aripoti kwa kampuni inayoumiliki, na kwa chifu wa eneo ikiwa unahatarisha wapita njia.

Wapangaji nao wapate idhini ya mwenye nyumba kabla ya kufungua visanduku. Kwa upande wao, wenye hosteli za wanafunzi karibu na chuo wanaofikiria kuvuta mtandao vyumbani kwa nyaya hizi na kuwatoza wapangaji wajue kwamba mikataba mingi ya intaneti ya nyumbani hairuhusu kuiuza tena, na kwamba kuuza huduma ya intaneti kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Pia wanaokusanya majina na namba za simu za wanafunzi ili kuwapa nenosiri wanabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kabla ya fundi kuondoka

Mwenye nyumba asimame na fundi kwenye kila kisanduku kilichofunguliwa na amwambie aandike kwenye kipande cha utepe waya unakoelekea: sebuleni, chumba cha wasichana, ofisini. Kwenye kisanduku cha nje aandike kwamba waya wa ndani umetenganishwa, pamoja na tarehe. Kisha laptopu ichomekwe chumbani kwa kebo, si kwa Wi-Fi, na kasi ipimwe mara tatu: asubuhi, jioni watu wote wakiwa nyumbani, na siku ya mvua baada ya ngurumo kuisha. Kasi ya siku ya mvua ikishuka sana kuliko ya siku ya jua, unyevu umeingia mahali fulani, na kisanduku cha kwanza kufunguliwa kiwe kile kilicho karibu zaidi na paa.